Pole au Samahani? Kiingereza cha Kila Siku kwa Kiswahili cha Adabu na cha Mtaani

Kabla hatujaenda mbali hebu tulitazame jina la mahali petu. Plateau si neno la Kinandi wala la Kiswahili, na ukilichunguza sana hata Waingereza si lao la asili. Walilichukua kwa Wafaransa. Kwa Mfaransa, plateau ni ardhi ya juu iliyo tambarare, kama hii yetu ya mahindi na ngano, lakini pia ni sinia ya kubebea vikombe. Reli ilipopita huku katika miaka ya 1920 ikielekea Eldoret na Uganda, stesheni ikaitwa hivyo na jina likatubandika sote. Kiswahili cha vitabuni kingesema "uwanda wa juu". Lakini mwambie makanga pale Eldoret kwamba unaelekea Uwanda wa Juu, uone kama utafika nyumbani jioni hiyo.

Eldoret nayo ina majina yake. Kwenye barua na ramani ni Eldoret, na tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji kamili. Lakini wazee wetu wengi bado wanaenda "Sisibo", yaani sitini na nne ya Kiingereza iliyopitia mdomo wa Kikalenjin, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba nambari 64 la walowezi. Mahali ni pamoja, majina ni mawili, na kila jina lina pa kutajwa. Huwezi kuandika "Sisibo" kwenye bahasha ya barua ya kuomba kazi, na huwezi kumwambia babu "Jiji la Eldoret" bila yeye kukutazama mara mbili.

Basi makala haya yanahusu maneno madogo madogo ya Kiingereza ambayo tunayatumia kutwa: "sorry", "please", "excuse me", "I'm afraid", na jamaa zao. Kila mmoja wetu anadhani anaweza kuyatafsiri akiwa amefumba macho. Kumbe hayo ndiyo yanayotushinda. Maneno makubwa hayana taabu. Ukitaka "democracy" unafungua kamusi, unakuta demokrasia, kazi imekwisha. Neno dogo hubadilika kulingana na anayeambiwa, saa yenyewe na mahali. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotoka mwaka 1939, na ile ya TUKI ya mwaka 1996, zote zinakupa neno, lakini hakuna kamusi inayoweza kusimama kando yako na kukunong'oneza kwamba anayekuja ni mwalimu mkuu.

Katika mtihani wa KCSE jambo hili huitwa sajili, nalo huulizwa kwenye isimujamii katika karatasi ya pili. Isimujamii ina alama 10 tu, na ndiyo sababu wengi wetu huiweka mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Lakini mtu asiyejua sajili hupoteza alama nyingine kule kwenye insha, kwa kuwa lile swali la kwanza ambalo ni la lazima huwa barua, hotuba, mahojiano na mengine ya aina hiyo. Hapo unaulizwa, kwa njia ya kuzunguka: je, unajua unaongea na nani?

Tuanze na "sorry", maana huyo ndiye baba yao. Mwingereza ana neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Akikukanyaga mguu, sorry. Akisikia umefiwa, sorry. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Ukimkanyaga mtu unasema samahani, au nisamehe, au niwie radhi, kwa sababu kosa ni lako. Mtu akijikwaa mwenyewe unamwambia pole, kwa sababu maumivu ni yake na wewe unamshika mkono kwa maneno. Sasa yule anayetafsiri haraka haraka kichwani anafika matangani, anasimama mbele ya mama aliyefiwa na mumewe, anainamisha kichwa na kusema, "Samahani, mama." Mama atajiuliza mtoto huyu amefanya nini. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Umevunja glasi ya wenyewe halafu unasema "pole"! Hapo umemwachia mwenye glasi msiba wake, nawe umejitoa kabisa.

Pole ina uwanja mpana kuliko sorry. Tunasema pole na kazi, pole na safari, pole na ugonjwa. Ukimpita mtu anayepalilia mahindi juani unampa pole, na wala hakuna aliyekufa. Kiingereza hakina salamu hiyo. Ndiyo sababu Mkenya anayezungumza Kiingereza husema "sorry" anapoona mtu ameteleza kwenye matope ya mwezi wa nne, naye mgeni kutoka Uingereza hushangaa: kwani ni wewe uliyeniangusha? Kumbe hiyo ni pole yetu imevaa koti la Kiingereza. Mimi siioni kuwa aibu. Kama wao walichukua plateau kwa Wafaransa, sisi kuwapelekea pole si dhambi.

Haya, sajili yake sasa. Kwa rafiki aliyegonga kidole: "Woiye, pole!" au "Pole bana." Kwa mwalimu aliyekuwa mgonjwa: "Pole sana, mwalimu. Unaendeleaje sasa?" Kwa familia iliyofiwa, ukiandika kwa niaba ya darasa: "Tunatoa rambirambi zetu kwa familia yote." Pwani utasikia pia "makiwa", neno linalosemwa kwa aliyefiwa peke yake. Upande wa kuomba msamaha nao una ngazi. "Nisamehe" inatosha kwa ndugu. "Samahani" inatosha kwa mtu yeyote. "Niwie radhi" na "naomba radhi" ni za mahali pa heshima, na za kalamu. Tangazo la kampuni likisema "tunaomba radhi kwa usumbufu" hakuna anayeshtuka, lakini ukimwambia mdogo wako hivyo baada ya kumwagia maji, atadhani unamcheza shere.

Samahani ina kazi ya pili, ile ya "excuse me". Ukitaka kumkatiza mtu au kumuuliza njia, samahani inatangulia. Lakini ukitaka kupita katikati ya watu waliosimama mlangoni, sema "naomba kupita", au kwa wenzako, "nipishe kidogo". Na ukifika mlangoni mwa mtu, weka hayo yote chini. Sisi tuna hodi, nayo hujibiwa karibu. Kuingia ofisi ya walimu kwa samahani bila hodi ni nusu ya adabu.

Tuje kwenye maombi. "Can I have some water?" Kwa tafsiri sisisi tunapata "Naweza kuwa na maji?" Huyo anauliza kama ana uwezo wa kumiliki maji. Mswahili husema "Naomba maji." Angalia kwamba hakuna "tafadhali" hapo, na bado adabu imejaa mpaka pomoni. Kitenzi chenyewe kimepiga magoti. Kwa rafiki utasema "Nipe maji", au "Si unipe maji hapo", na hakuna atakayenuna. Kwa mama mwenye nyumba: "Mama, naomba maji ya kunywa." Ukiongeza "kidogo", yaani "naomba maji kidogo", hukusudii kipimo. Hata ukipewa jagi zima utalikunywa. Kidogo hapo ni cha kulainisha ombi, kama katika subiri kidogo, sogea kidogo, nisikilize kidogo. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa "could" na "would", sisi tunaifanya kwa naomba, kwa kidogo, na kwa kile kiishio cha -e: si "kuja hapa" bali "uje hapa", si "funga mlango" bali "naomba ufunge mlango".

Na tafadhali je? Ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu, na lina undugu na fadhila. Lakini wengi wetu tunalimwaga kila mahali kwa sababu Kiingereza hudai "please" kila sentensi. Kwa Kiswahili, tafadhali ikitamkwa kwa sauti ya juu huwa onyo. "Tafadhali bwana, usinizoee!" Hapo hakuna anayeomba fadhila, watu wanakaribia kupigana. Kwa hiyo ukimtafsiria mtu "please" chunguza kwanza kama naomba haijatosha.

Katika jambo hili la kuomba kuna lile linalosikika kila bweni: "Nisaidie kalamu." Tumelipata kwa "assist me with a pen". Kiswahili kina niazime, na tena kina tofauti ambayo Kiingereza cha kila siku hakiijali. Kitu utakachokirudisha chenyewe, kama kalamu, jembe au kitabu, unakiazima. Kitu utakachokitumia kiishe kisha urudishe kingine mfano wake, hasa pesa, unakikopa. Mtu akikuambia "niazime shilingi mia" anaahidi noti ileile, na wewe na mimi tunajua inakwenda moja kwa moja kwa mama mandazi.

Ruhusa nayo. "Can I go to the toilet?" ikawa "Mwalimu, naweza enda choo?" Mwalimu mmoja akizoea mzaha atakujibu kwamba miguu unayo. Darasani tunasema "Mwalimu, naomba ruhusa niende msalani." Kwa jirani yako wa dawati unasema "naenda choo" na yanaishia hapo.

Kuna neno jingine ambalo huku bara tumelipuuza. Ukiitwa kwa jina, Kiingereza husema "Yes?" Sisi tunaitika "Eeh?" au, Mungu atusamehe, "Nini?" Kiswahili cha pwani kimepanga jambo hili vizuri: mvulana huitika "naam", msichana huitika "abee" au "bee". Nimesikia watu wakicheka abee wakisema ni ya kizamani. Lakini mpigie simu mama wa Mombasa au Tanga umwite kwa jina, usikilize atakavyoitika, ndipo ucheke.

Salamu sitazikalia sana maana tumezisoma tangu darasa la kwanza. "How are you?" kwa mtu mzima ni hujambo, au habari za asubuhi, na Tanzania ni shikamoo kwanza, ambayo jibu lake ni marahaba. Kwa wenzetu ni sasa, vipi, niaje, mambo, na majibu yake ni fiti, poa, freshi. Kosa linalotokea ni la kuvusha jibu. Mzee anakuuliza "Habari ya masomo?" nawe unajibu "Poa." Mzee atanyamaza, ila siku nyingine atakupita. Usiku, ukiachana na watu wa heshima, "alamsiki" hujibiwa "binuru", na kwa ndugu zako "lala salama" inatosha.

Sasa tufike mahali ambapo makosa haya si ya kuchekesha. Wengi wetu tumewahi kupelekwa hospitalini na bibi au babu ili tuwe midomo yao. Bibi anajua Kikalenjin na Kiswahili cha sokoni, daktari amezoea Kiingereza, na wewe wa Kidato cha Pili unakaa katikati. Tuseme daktari anasema: "I'm afraid we'll have to keep her for a few days." Mtafsiri wa haraka anamgeukia bibi: "Kogo, daktari anaogopa, itabidi wakuweke siku kidogo." Msikilize bibi moyoni mwake. Daktari anaogopa! Kama mwenye dawa anaogopa, mimi nimebaki na nini? Na "wakuweke" wapi? Wanaowekwa hospitalini, kwa masikio ya bibi, ni wale wasiopumua. Bibi anavaa viatu vyake anataka kwenda nyumbani.

Kumbe "I'm afraid" haina woga ndani yake. Ni mlango wa habari isiyopendeza. Kwa Kiswahili cha adabu ni "nasikitika kukwambia" au "kwa bahati mbaya", na mara nyingine hakuna haja ya kuitafsiri kabisa, sauti ya upole inatosha. Na "keep" hapa ni kulazwa. "Kogo, daktari anasema ni afadhali ulazwe siku chache wapate kukuangalia vizuri." Maneno mengine yote ya chumba kile yana hatari kama hiyo. "How are you feeling?" si "unahisi vipi" ya kitabuni, ni "unajisikiaje" au "unasikiaje mwilini". "Where does it hurt?" ni "unaumwa wapi?" Na ukiambiwa dawa ni mara tatu kwa siku, usiishie hapo kama karatasi ya dawa ilivyoishia. Mwambie ni asubuhi, mchana na jioni, maana mara tatu zinaweza kumezwa zote kabla ya chai.

Na daktari akisema "She didn't make it", usitafute "make". Hapo Kiswahili kina ngazi ndefu, na usipoijua utamjeruhi mtu. Amekufa ni neno la kweli, lakini ni la mnyama, la mti, na siku hizi la betri. Kwa binadamu tunasema amefariki, ameaga dunia, ametutoka, ametuacha, na redioni utasikia marehemu. Vijana wana "amededi", nalo libaki huko huko kwenye hadithi za sinema. Sijapata kumsikia mtu akilitumia kwa mama yake mwenyewe, na hilo linaonyesha kwamba hata mwenye Sheng anajua sajili, ila hajaambiwa kwamba anajua.

Mahali pengine ni mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Na kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ilieleza namna ya kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe shtaka na viungo vyake vyote kwa lugha yake au lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha aelezwe mambo yalivyotokea na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Kwa nini taabu yote hiyo? Sababu ni kwamba "guilty" haina mwenzake rahisi katika mazungumzo yetu. Kiswahili cha sheria kina "nina hatia", lakini mtu wa kawaida hasemi hivyo. Husema "ni kweli". Mashtaka yanasomwa, anaulizwa ni kweli au si kweli, anajibu "ni kweli". Sasa ni kweli ipi? Ni kweli nilikuwa pale sokoni? Ni kweli mbuzi alipatikana kwangu? Au ni kweli niliiba? Kwa Kiingereza neno moja linafunga mlango. Kwa Kiswahili cha mtaani mlango uko wazi kidogo, na mtu anaweza kupitishwa humo akaenda jela huku akidhani amekiri tu kwamba mbuzi ana madoa. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tafsiri ni somo la wavivu wa hesabu.

Turudi shuleni, kwenye barua. "Dear Sir" imewafanya watu waandike "Mpendwa Bwana" wakimwandikia meneja ambaye hawajawahi kumwona. Mpendwa kwa Kiswahili ni mtu unayempenda. Barua rasmi huanza "Kwa Bwana" au "Kwa Bibi", ikafuatwa na KUH: au MINTARAFU:, na huishia "Wako mwaminifu". Mpendwa mwachie rafiki, shangazi na yule ambaye barua zake unazificha chini ya godoro. Na kwa huyo, "I miss you" si "nimekukosa". Nimekukosa maana yake nilikuja kwenu nikakuta umetoka. Mwambie "nina hamu ya kukuona". Mdomoni najua mtasema "nimekumiss" na siwezi kuwazuia, ila msiiandike kwenye insha.

Hotuba zina ugonjwa wake, nao ni "ningependa kuchukua fursa hii". Imetoka kwa "I would like to take this opportunity", na kila kiranja huianzia hapo. Ungependa? Basi nani amekuzuia? Na fursa haichukuliwi kama sahani, hutumiwa. "Natumia fursa hii kuwakaribisha" inatosha na inapendeza. Kadhalika "mwisho wa siku" iliyotoka kwa "at the end of the day". Kwetu mwisho wa siku ni magharibi, ng'ombe wanarudi. Tunachotaka ni hatimaye au mwishowe. "Kucheza jukumu" nayo, kwa "play a role", tuiachie wachezaji. Sisi tunatekeleza wajibu au tunachangia.

Lakini msije mkadhani nawaambia mzungumze kama kitabu kila saa. Adabu si kuwa rasmi kila mahali. Uko kwenye matatu, imejaa, mvua inanyesha, muziki unalia. Unapaza sauti: "Ewe utingo, tafadhali naomba unishushe katika kituo kinachofuata." Utingo ni neno sanifu kabisa la makanga, sina ugomvi nalo. Lakini utapita kituo chako, watu wote watageuka, na makanga atakuuliza kama wewe ni mtangazaji wa redio. Hapo pana Kiswahili chake: "Dere, shukisha hapo mbele!" au "Makanga, niko hapo kwa steji." Kisajili, hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya "I'd like to get off at the next stop". Vilevile "niko na swali" kwa mwenzako si kosa la kumfukuza mtu shule. Wakenya karibu wote tunasema "niko na". Ila kwenye karatasi ya mtihani swali huwa "ninalo", la sivyo kalamu nyekundu itakula alama.

Hata wakubwa huchagua hivyo hivyo. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ya "The Merchant of Venice" na kuichapisha mwaka 1969, aliita Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema mfanyabiashara. Alichagua mabepari, neno lililokuwa likitumiwa kwa ukali Tanzania ya miaka ile ya Azimio la Arusha la 1967, tena akalitia katika wingi. Neno moja tu, na msomaji anajua mapema mwandishi amesimama upande gani.

Wenzetu wanaosoma Kifaransa wataniuliza kama huko ni rahisi zaidi. Kwa upande mmoja ndiyo, maana Wafaransa wameiweka heshima katika kiwakilishi chenyewe. Rafiki, mtoto na mdogo wako huambiwa "tu". Mwalimu, mgeni na mtu wa dukani huambiwa "vous", ingawa ni mmoja. "How are you?" kwa mwalimu ni "Comment allez-vous?" na kwa rafiki ni "Ça va?" Tafadhali yao ni "s'il vous plaît" kwa mkubwa, "s'il te plaît" kwa mwenzako. "You're welcome" ni "je vous en prie" kwa heshima, "de rien" kwa mazoea, kama vile sisi tunavyosema karibu au si neno. Na Wafaransa nao wana Kifaransa chao cha matatu: vitabu vinasema "je ne sais pas", lakini mdomoni ile "ne" huangushwa njiani ikawa "je sais pas". Kwa hiyo tusidhani ni sisi peke yetu tunaokula maneno.

Taabu inakuja unapotoka Kifaransa kwenda Kiswahili. "Vous" ya mtu mmoja usiigeuze "ninyi", utamfanya mwalimu mkuu awe kundi. Sisi "wewe" inamfikia kila mtu, mtoto na rais, kwa hiyo heshima lazima ipate mahali pengine pa kukaa: katika mzee, mama, mwalimu, dada, katika naomba, katika hodi. Anayetafsiri "Pouvez-vous m'aider?" aandike "Mzee, naomba unisaidie", na akitafsiri "Tu peux m'aider?" aandike "Hebu nisaidie." Kiwakilishi kimepotea lakini umbali kati ya watu wawili umebaki pale pale. Jambo hili halitakuwa la darasani tu, kwani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kule Goma, Bukavu na Lubumbashi Kiswahili na Kifaransa hulala chumba kimoja. Malori yanayopita Eldoret kuelekea Uganda, mengine hayaishii Uganda.

Sasa zoezi. Tafsiri kila moja ya sentensi hizi mara mbili, kwanza kama unamwambia mzee usiyemjua, kisha kama unamwambia rafiki yako wa bwenini. Usitumie kamusi mpaka umalize.

"Sorry I'm late."
"Could you move a little?"
"I'm afraid there's no food left."
"Have a seat."
"Sorry? I didn't hear you."
"Take care, see you tomorrow."

Ile ya tatu ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa tulipoijaribu chamani, kwa hiyo andika na sababu ya jibu lako. Wanaosoma Kifaransa waongeze tafsiri ya tatu na ya nne. Majibu yafikishwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga shule, yakiwa kwenye karatasi safi, si nyuma ya daftari la Hesabu.